Kiingereza cha wikiendi: wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanauliza

Watu wa Mwanza na visiwani mmeniandikia sana safari hii, na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa namna tofauti: Kiingereza tulisoma, tukikiona kwenye karatasi tunakielewa, ila mdomoni hakitoki na kuandika ndo balaa, hela ya kozi hamna, sasa huu muda wa mapumziko tuutumieje. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenyewe katuma na maandishi yake, na makosa yaliyomo humo ni ya wengi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 23, nakaa Nyegezi, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa mjini. Kidato cha nne nilipata C ya Kiingereza kwahiyo siyo kwamba sijui kabisa, mgeni akiuliza bei au waifai namjibu vizuri. Tatizo ni stori. Juzi kuna mama mmoja mgeni alikuwa anasubiri gari akaniuliza "What do you do in your free time?" nikajibu "Yes" halafu nikaona aibu mpaka nikajifanya napigiwa simu. Nilivyofika nyumbani nikaandika kile ambacho ningemjibu, naomba unisahihishie: "In my free time I am like to go to the lake with my friends. We are enjoy to eat fish and take photo. Last Saturday we go to Kamanga by ferry and my friend he was fear the water because she don't know swim. It was very funny day." Nifanyeje ili siku nyingine nisikwame?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya kitu kizuri sana hapo, ulikwama, ukaenda nyumbani, ukaandika ulichotaka kusema. Wengi wakikwama wanaishia kulala na aibu yao tu. Hiyo tabia ishike hivohivo.

Sasa tuangalie maandishi yako. "I am like" hiyo "am" itoe, kitu unachokifanya siku zote au unachokipenda kinasimama chenyewe, "I like". Vilevile "We enjoy", na baada ya "enjoy" kitendo kinachofuata kinavaa "-ing", kwahiyo "We enjoy eating fish and taking photos". Ukishasema "Last Saturday" umeshatupeleka nyuma, na vitendo vyote virudi nyuma, "we went". Rafiki yako umemwanza na "he" ukamalizia na "she" ndani ya sentensi moja, na hili sikulaumu hata kidogo kwa sababu Kiswahili hakitulazimishi kusema ni mwanaume au mwanamke, "aliogopa" inatosha kwa wote. Dawa yake ni kuamua kabla hujafungua mdomo: stori hii inamhusu dada, basi ni "she" mwanzo mwisho. Kuogopa ni "she was afraid of the water", kutojua kuogelea "she can't swim". Na kama ulimaanisha siku ilikuwa nzuri mlifurahi, sema "a fun day", maana "funny" ni kitu cha kuchekesha.

Ikishanyooka inakuwa hivi: "In my free time I like going to the lake with my friends. We enjoy eating fish and taking photos. Last Saturday we took the ferry to Kamanga. My friend was afraid of the water because she can't swim. It was a fun day."

Ni sahihi. Ila mwanangu, hiyo stori bado haina nyama. Yule mama angeisikia angesema "Oh, nice" na maongezi yangeishia hapo, kwa sababu hakuna kitu cha yeye kushika akaulizia zaidi. Nenda kwenye sehemu uliyoikumbuka mpaka ukaiandika, yaani huyo rafiki kwenye kivuko. Alikuwa amekaa wapi? Alishika nini? Alisema nini kivuko kilivyoanza kuyumba? Labda: "She held the rail with both hands and closed her eyes. She asked me, 'Are we there yet?' We were still near Mwanza." Angalia hayo maneno, hold, hand, close, eyes, near, hamna hata moja la kukuogopesha, yote uliyapita kidato cha kwanza na cha pili. Watu wanadhani wanakwama kwa sababu hawana misamiati, lakini maneno ya kawaida kama 2,000 hivi ndo yanayobeba sehemu kubwa ya maongezi ya kila siku, na mtu aliyemaliza kidato cha nne na C sehemu kubwa ya hayo anayajua akiyaona. Kazi iliyobaki ni kuyafanya yaje yenyewe yakihitajika.

Na hapo ndo kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote na halina gharama. Kuna mwalimu wa lugha wa New Zealand anaitwa Paul Nation ambaye ameliandikia sana, linajulikana kama 4/3/2. Unasimulia stori kwa dakika nne, halafu unaisimulia tena ileile kwa dakika tatu, halafu tena ileile kwa dakika mbili, na kila mara kwa mtu mwingine. We kwa kuanzia dakika nne ni nyingi, utaishiwa maneno, anza na mbili, kisha moja na nusu, kisha moja. Ukikosa watu rekodi kwenye simu. Usibadilishe stori, hapo ndo wengi wanakosea, wanaona kurudia kunachosha wanarukia stori nyingine. Mara ya kwanza akili yako inahangaika na mambo mawili kwa wakati mmoja, nini cha kusema na kwa maneno gani. Mara ya tatu ya kusema nini imeshaisha, nguvu yote inaenda kwenye maneno, na hapo ndo utashangaa ulimi unakimbia. Halafu sikiliza rekodi ya mwisho ukiwa unatafuta kitu kimoja tu, mfano wiki hii vitendo vya nyuma peke yake, went, took, held, wiki ijayo "he" na "she". Ukitafuta makosa yote kwa pamoja utakata tamaa bure.

Ukimaliza kusikiliza, andika tena. Linganisha na ulichoandika mwanzo. Mimi naamini kuandika na kuongea vikienda pamoja hivi, unaandika, unaongea, unaandika tena, vinasukumana, na ndo maana sipendi mtu anayeniambia nataka kuongea tu kuandika sitaki.

Kitu cha mwisho kwako. Maongezi ni ya watu wawili, ukishajibu mrudishie mwenzio: "What about you? Is there a lake near your home?" Na ukikwama usikimbilie "Yes", sema "Let me think" halafu nyamaza kidogo, hata wenyewe wenye lugha wanafanya hivyo kila siku.

SWALI: Mwalimu mambo, mi ni mwana wa Kirumba, wikiendi yangu yote iko kibanda umiza naangalia mpira wa Uingereza kuanzia mechi ya mchana mpaka ya usiku. Washkaji wanasema nikisikiliza sana watangazaji Kiingereza kitaingia chenyewe. Nasikiliza mwaka wa ngapi sasa naona kimeingia offside na penalti tu. Je wananidanganya?

JIBU: Poa kaka. Hawakudanganyi kabisa ila wamekwambia nusu. Kusikiliza kunasaidia kama unaelewa sehemu kubwa ya kinachosemwa, na mtangazaji wa mpira anakimbia, amezungukwa na kelele za uwanja, na pale kibandani kuna kelele nyingine juu yake. Zaidi ya hapo lugha yake ni ya kukatakata, "Great ball!" "Corner!" sentensi nzima hazipo.

Ila mpira una faida moja kubwa sana, goli unalijua kwa macho kabla ya maneno. Itumie hiyo. Chukua kipande kifupi cha goli kwenye simu, zima sauti kabisa, tangaza mwenyewe kwa Kiingereza. Watangazaji kwa vitendo vya haraka wanatumia wakati uliopo wa kawaida, "he passes, he shoots". Halafu jioni andika goli hilohilo kama gazeti la kesho, sasa vitendo vinarudi nyuma, "he passed, he shot".

Tuchukue goli ambalo kila Mtanzania mpenda mpira analikumbuka, Mbwana Samatta na Aston Villa pale Wembley tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ukitangaza: "El Ghazi crosses, Samatta dives, he scores!" Ukiandika ripoti: "El Ghazi crossed the ball and Samatta scored with his head, but Villa lost 2-1." Goli moja limekupa tensi mbili, na lile la Samatta huwezi kulisahau kwahiyo na Kiingereza chake hutakisahau.

Kingine, baada ya mechi usiwahi kuondoka. Subiri yale mahojiano na wachezaji, hasa wale wa kutoka Ufaransa, Hispania, Brazili, ambao na wao Kiingereza wamejifunza ukubwani. Wengi wanaongea taratibu kidogo, maneno ya kawaida, na wanaelezea kitu ambacho umetoka kukiona kwa macho yako. Kwa kiwango chako hao ni walimu wazuri kuliko mtangazaji.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi naendesha boti ndogo, napeleka wageni kuzunguka ziwani na kuwasogeza upande wa Saanane. Nimeishia darasa la saba. Wazungu wanapenda kuuliza maswali na mimi najibu yes no. Naomba unipe maneno ya kusema safarini, maana wenzangu wenye lugha ndo wanaitwa kila siku.

JIBU: Nzuri kaka yangu, pole na kazi. We una bahati kuliko hao wa juu, kwa sababu maswali unayoulizwa ni yaleyale kila safari, kwahiyo majibu unaweza kuyaandaa ukayameza kabisa.

Anza na usalama, sauti ya juu na polepole: "Please put on your life jacket." "Please sit down, I am going to turn." "Watch your step." Hiyo "please" usiisahau, kwa Kiswahili tunaweza kusema "kaa chini" kwa sauti ya upole mtu asijisikie vibaya, kwa Kiingereza bila "please" inasikika kama amri.

Halafu stori ya kisiwa, na hii watu wanaipenda sana kuliko unavyofikiri: "This island is named after Saanane Chawandi, a fisherman and farmer. It became a zoo in 1964 and a national park in 2013." Neno "island" hiyo s haitamkwi, sema "ailandi" halafu ile i ya mwisho imeze. Wanyama: pimbi ni "rock hyrax", kenge ni "monitor lizard", swala pala ni "impala". Mkipita jiwe la Bismarck zima injini kidogo uwaambie "You can take photos here", hapo hata usipoongeza neno wameshafurahi.

Kuna swali moja ambalo lazima ulijibu sawasawa, "Can we swim here?" Usiseme yes kwa kuwafurahisha. Ziwa letu lina kichocho na wewe unajua. Sema: "There is bilharzia in the lake, so I don't advise you to swim." Neno bilharzia wageni wengi wameshalisikia kabla ya kuja, na mtu akiona umemwambia ukweli hata kama umeua starehe yake, ndiye atakayekupa namba yake na kukuletea wenzake.

Usijaribu kubeba haya yote siku moja. Chukua sentensi tatu, ziseme safari zote za wiki hiyo, halafu ongeza nyingine. Jina la kitu usilolijua muulize mgeni mwenyewe, mwoneshe kwa kidole, "What do you call this in English?" Watafurahi kukufundisha na we umepata neno bure.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa Buswelu, nauza vitafunwa. Mwanangu kamaliza la saba shule ya serikali, Januari anaenda kidato cha kwanza na huko masomo karibu yote ni Kiingereza. Sasa hivi anashinda anacheza tu. Baba yake anasema tupige marufuku Kiswahili nyumbani, lakini hata sisi wenyewe Kiingereza hatukijui. Nimsaidieje?

JIBU: Mama, naelewa wasiwasi wako. Mtoto amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka yote saba halafu ghafla anaambiwa ayasome kwa lugha nyingine, ni mzigo mzito, na nyie wazazi mmeuona mapema.

Marufuku ya Kiswahili naomba muiache kabisa. Mtoto atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Badala yake mpe kazi ya kukufundisha wewe. Akusomee ukurasa mmoja wa kitabu cha hadithi kwa sauti wakati unakanda unga, halafu akwambie kwa Kiswahili kilichotokea, na we muulize maswali kama ambavyo ungemuuliza mtu yeyote aliyekuletea habari, nani huyo, kwanini kakimbia, ikawaje. Akishindwa kujibu atarudi mwenyewe kwenye kitabu kutafuta. Hapo wewe hujasema neno moja la Kiingereza na umemfundisha kusoma kwa kuelewa.

Vitabu, mpeleke Maktaba ya Mkoa hapo mjini, wasilianeni na wahudumu muulize utaratibu wa watoto. Achague vyembamba vyenye picha hata kama ni vya watoto wadogo kuliko yeye. Ukurasa mmoja ukiwa na maneno zaidi ya matano asiyoyajua, kile ni kigumu kwa sasa, kirudisheni mchukue kingine.

Na kucheza mwache acheze. Anacheza nini, karata, drafti? Wahesabu kwa Kiingereza, waseme "It's my turn", "You lost", "Let's play again". Kila jioni aandike sentensi tatu za siku yake kwenye daftari la peke yake, "Today I played draughts with my cousin. He won. I was angry." Usimsahihishe na usimruhusu kaka yake aliyeko sekondari kumcheka, hilo ulisimamie kwa ukali kabisa. Likizo yote hiyo akiandika tatu tatu ataingia darasani mkono umeshazoea.

SWALI: Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nasoma chuo hapa Mwanza. Nikiongea Kiingereza wenzangu wa hosteli wananicheka, r na l nazichanganya, eti nimesema nakula chawa. Wameniambia nirekebishe matamshi kwanza ndo niongee. Nimeacha hata kuchangia darasani.

JIBU: Mdogo wangu, rudi uchangie wiki hiihii. Ushauri waliokupa ni mbaya na nimekasirika kuusoma, kwa sababu matamshi yanarekebishika ukiwa unaongea, ukiwa umenyamaza hayana pa kurekebishikia. Wengi wetu huku tumekulia kwenye lugha ambayo r na l hazitenganishwi, ni mazoea ya ulimi tu, akili haihusiki hapo.

Zoezi ni hili. Kwa l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na inabaki pale. Kwa r ya Kiingereza ulimi haugusi popote, unajikunja nyuma kidogo na midomo inajikusanya kama unataka kupuliza. Simama mbele ya kioo, sema "light, right", "load, road", na hiyo iliyokuletea kelele, "lice, rice". Polepole, angalia midomo, dakika chache kila asubuhi unapopiga mswaki. Halafu ziweke kwenye sentensi zako za kweli, "I cooked rice last night", "The road to Misungwi".

Zingatia pia mwisho wa neno, wengi tunaongeza vokali, "fishi", "booku", ikate pale konsonanti inapoishia. Kwa upande wa th una faida, Kiswahili kinazo zote mbili: "think" ni th ya thelathini, "this" ni dh ya dhahabu, watu wengi duniani wanazihangaikia hizo.

Cha kusikiliza, BBC Learning English wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, dakika sita, bure, na maandishi yake yapo. Pakua ukiwa na waifai ya chuo ili bando lako lipumue. Sikiliza mara moja bila kusoma, soma, halafu sema pamoja nao sentensi chache, ukifuata pale wanapopandisha na kushusha sauti.

Na mtafute mtu mmoja tu hapo chuoni ambaye na yeye anataka kuongea, wawili wanatosha. Jumapili jioni shukeni ufukweni, kila mmoja asimulie wiki yake, mwenzake akisikiliza bila kumkatisha mpaka amalize. Masahihisho yaje baadaye, na yasizidi mawili. Ukishafanya kwa wiki kadhaa nirekodie sauti yako ukisimulia chochote, nitumie kwa namba ileile uliyoniandikia, nitaisikiliza mwenyewe na nitakujibu.